Miezi Kumi na Miwili Juu ya Mlango

Kama unataka kujua kitu gani kinanitia kinyaa katika mji huu wa Durban, nenda ukawatazame wale simba wawili mlangoni mwa kanisa letu, kule karibu na bandari. Ni simba wa faiba, wamepakwa rangi ya dhahabu. Ukiwagonga wanalia kama ndoo. Mmoja ana ufa mgongoni. Maji ya mvua yameingia tumboni mwake na mbu wamezaliana humo, kwa hiyo kila Jumapili waumini wanaingia kumsifu Mungu huku wanajikuna. Apôtre Peguy, mchungaji wetu, aliwanunua kwenye duka la mapambo ya bustani, akawawekea mikono, akawamwagia mafuta ya upako. Mimi nawapita nimeziba pua, ingawa hawanuki.

Lakini habari yangu si ya simba. Ni ya shemeji yangu Séverin, mume wa dada yangu Mireille, fundi wa mawe, na mtu mwenye majivuno kuliko wote niliowahi kukaa nao uwanja mmoja. Mimi naitwa Papy. Natengeneza simu katikati ya mji, na chumba changu kiko nyuma ya nyumba yao huku Sydenham. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyavuta kwa pua, maana vumbi la Séverin halijawahi kuheshimu mlango wangu.

Séverin ni mtoto wa Bukavu. Alipoacha shule aliingia karakana ya misheni iliyosimamiwa na bruda mmoja Mwitaliano, Frère Ettore, mtu wa mji wa Parma, mwenye mikono minene na hasira za karibu. Hapo walichonga altare, mabirika ya ubatizo na misalaba ya makaburini. Walipochoka, Frère aliwasimulia habari za fundi wa kwao aliyekufa zamani sana, miaka mia nane na zaidi, jina lake Benedetto Antelami.

Nimesikia habari za huyo Benedetto mpaka nikazichukia. Alizaliwa lini, hakuna ajuaye. Alikufa lini, alizikwa wapi, hakuna ajuaye. Kilichobaki ni mawe yake. Katika kanisa kuu la Parma kuna jiwe alilochonga Yesu akiteremshwa msalabani, na juu ya jiwe hilohilo ameandika jina lake na mwaka, 1178. Baadaye akaanza kujenga nyumba ya ubatizo, ndefu, ya pembe nane, na juu ya mlango wake pakaandikwa kwamba mwaka elfu moja na mia mbili, ukitoa mbili mara mbili, fundi aitwaye Benedetto aliianza kazi hii. Ndani ya nyumba hiyo kuna sanamu za miezi ya mwaka, ambazo wenye kujua wanasema ni zake na za mafundi wake. Kila mwezi ni mtu na kazi yake. Mmoja anapogoa mizabibu, mwingine anavuna ngano. Si wafalme wala maaskofu.

"Unasikia, Papy?" Séverin alikuwa akiniambia, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. "Kwa nini hawakuandika tu 1196? Ni juu alitaka usimame chini ya mulango, upige hesabu, na wakati uko napiga hesabu jina yake iko mu kichwa yako. Ule alikuwa muntu!"

"Alikuwa na kiburi," nikamwambia.

"Kiburi ni ya muntu hajui kazi. Ule alijua kazi."

Hapo ndipo ungemjua Séverin. Alimtaja Benedetto kama jirani wa mtaa wa pili aliyemtangulia kupata bahati. Wengine wakikaa chini wanazungumza mpira au siasa za Kinshasa. Yeye anazungumza mkunjo wa nguo ya mtu aliyechongwa kabla babu ya babu yake hajazaliwa. Dada yangu alikuwa akinikonyeza ninyamaze, nami nanyamaza kwa sababu ya chakula chake.

Vita vilimtoa Bukavu. Frère Ettore alirudi kwao mgonjwa, karakana ikafungwa, nyundo zikaibiwa, na Séverin akateremka nchi baada ya nchi mpaka akaikuta bahari hapa. Akapata kazi kwenye yadi ya mawe ya makaburi. Hapa Afrika Kusini jiwe la kaburi ni jambo zito. Familia inakusanya pesa kwa miaka, na siku ya kulifunua wanachinja ng'ombe na kupiga hema barabarani. Kwa hiyo kazi haikukosekana, ila kazi gani? Granaiti nyeusi inakuja imekatwa tayari, inang'aa kama kiatu cha polisi. Mashine inachora uso wa marehemu, wote wanatoka na macho yaleyale ya samaki. Séverin alibakiwa na majina tu, na tarehe. Amechonga majina ya akina Mkhize, ya akina Pillay, ya Wazungu wenye majina marefu, mwaka baada ya mwaka.

Jina lake yeye halikuwa limeandikwa popote katika mji huu isipokuwa kwenye karatasi zake, na huko nako kuna mtu alimwongezea herufi moja mwishoni, akawa Séverine, mwanamke. Tulimcheka sana. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, na alikisema waziwazi bila haya: jina lake, kwenye jiwe alilochonga mwenyewe, juu ya mlango, lisomwe na watu wazima wenye uhai wakati yeye bado anapumua.

Na kupumua kwenyewe kulikuwa kumeanza kumshinda. Vumbi la mawe halitoki kifuani. Kila asubuhi alikohoa juu ya sinki la uani, sinki tunalotumia sote, akatema uchafu wa kijivu, mzito kama uji wa saruji, akauacha pale. Mimi nimelelewa na mama msafi. Nilikuwa nikimgombeza kila siku.

"Shemeji, fungua maji basi! Watu tunasukutua meno hapo!"

"Ni jiwe tu ile," ananijibu. "Haina microbe."

Sasa kanisa. Kwa miaka mingi tuliabudu katika ukumbi wa kukodi, halafu tukapata ghala la zamani nyuma ya ofisi za meli, bati juu, matofali mekundu chini, kelele za makontena siku nzima. Apôtre Peguy akasema nyumba ya Mungu haiwezi kuwa na mlango wa ghala. Akataka façade, uso wa mbele wenye mapambo. Akamwita Séverin mbele ya watu, akammiminia mafuta ya upako kichwani, akasema Mungu amemleta fundi wake kutoka Bukavu kama alivyomleta fundi wa hema la Musa. Séverin akavimba kichwa kikajaa mlango mzima. Akasema atafanya, ila kwa masharti mawili: achonge anachotaka, na jina lake liandikwe juu ya jiwe. Apôtre akakubali bila kuuliza, maana alidhani mtu akiambiwa achonge kwa ajili ya kanisa atachonga njiwa.

"Sasa niko natafuta bloc," Séverin akatangaza palepale kwenye kipaza sauti. "Bloc moja nzuri. Mkiona mahali wanavunja nyumba, muniite."

Likumbuke hilo neno. Sisi Wakongo jiwe kubwa la kujengea tunaliita bloc, na siku ile hakuna aliyeona ubaya wake.

Bloc ilipatikana Morningside, mahali walipokuwa wanabomoa nyumba ya kizamani ya Mzungu ili kujenga maghorofa. Ilikuwa ngazi ya mlangoni, jiwe la mchanga, ndefu, nene, rangi ya chai ya maziwa. Méthode, Mrundi anayeendesha lori la makontena, alitusaidia kuileta hadi uani Sydenham. Ikakaa pale juu ya magogo mwaka mzima na zaidi, na Séverin akaikalia kila siku ya mapumziko. Tingi, tingi, tingi. Nguo za dada yangu zikawa za kijivu kwenye kamba. Chai yangu ikawa na mchanga.

Alichonga miezi. Kumi na miwili, safu moja, kila mwezi mtu na kazi yake, na watu wenyewe ni sisi. Mwezi wa kwanza aliweka Félicité wa saluni akisuka mtoto wa shule, sindano ya kusukia ameibana midomoni. Méthode amelalia usukani kwenye foleni ya bandarini. Mwezi wa saba ni mimi, nimeinama juu ya simu, jicho kwenye lenzi, makalio nje. Nililalamika kuhusu makalio. Akaniambia anachonga anachokiona.

Na mwezi wa kumi na mbili alikuwa Steve. Steve alikuwa mlinzi wa magari, car guard, kwenye barabara ya mahoteli kule Morningside, na mwezi wa kumi na mbili ndio mwezi wao, watu wote wanatoka kula na kunywa. Alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, hana maneno mengi. Alikosa meno mawili ya mbele, aliyaacha njiani huko katika kuja, na hakupenda kusimulia. Kwa sababu hiyo kila picha alifunga mdomo kama mtu aliyeficha pipi, na akicheka anaweka kiganja. Mkewe Deborah alimfundisha hivyo. Deborah ni kiongozi wa maombezi kanisani, mwanamke wa sauti, kitambaa cha kichwa hakijawahi kupinda.

Séverin alimchonga Steve mkono mmoja juu akiongoza gari lirudi nyuma, gilet, kizibao cha kazi chenye mistari ya kung'aa, imemning'inia, na mdomo wazi. Anacheka. Pengo lote liko nje. Namna alivyolitoboa lile pengo, giza kidogo kati ya meno, uso mzima ukapata uhai. Steve alikuja uani kuangalia. Akasimama. Akagusa kifua cha yule mtu wa mawe kwa kidole kimoja, kisha akacheka vilevile, na mara hii mkono haukwenda mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Eish, Fundi. Ni mimi kabisa."

Baada ya mwezi wa kumi na mbili, pembeni kabisa, Séverin alibakiza ubao mnene wa jiwe, umejitokeza mbele kuliko sanamu zote, na hapo akaandika: SÉVERIN, FUNDI, NDIYE ALICHONGA. Herufi alizichonga zaidi ya mwezi mmoja. Alipomaliza S ya kwanza alimwita dada yangu kutoka jikoni akiwa na unga mikononi, aje aione.

Jiwe likapandishwa kwa minyororo, likakaa juu ya mlango, likafunikwa kwa shuka jeupe mpaka Jumapili. Jumapili shuka likavutwa. Mimi nilikuwa natazama watu, siyo jiwe. Kwanza walitabasamu, kwa sababu waliona kitu kizuri. Halafu wakaanza kujitambua, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zikabadilika kama maziwa yaliyoingia ndimu.

Deborah ndiye aliyepaza sauti kwanza. "Yesu! Bwana yangu iko ku mulango ya Mungu na gilet ya car guard! Na pengo inje! Sasa tutatoka ku ile maisha wakati gani?"

Apôtre Peguy alikuwa amesoma nyuso kabla sijamaliza kuzisoma mimi. Ana kipaji hicho. Akapanda kwenye kiti, akainua mikono.

"Ndugu zangu, muko najiuliza kila siku juu ya nini papiers za kukaa hapa hazitoke, juu ya nini mabinti hawaolewe. Fundi mwenyewe alisema hapa mbele yenu: niko natafuta bloc. Bloc! Na bloc inaleta nini?"

"Blocage!" kanisa zima likaitika.

Blocage, kwa asiyekaa na sisi, ndiyo ile wengine wanaita kufungwa nyota: kuna mtu au kitu kimeziba njia yako, ndiyo maana mambo yako hayaendi. Katika makanisa yetu tunafunga na kukesha kwa ajili ya blocage. Sasa walikuwa wameiona kwa macho, ina urefu wa mlango. Car guard amefungwa ndani ya jiwe atabaki car guard, na watoto wake hivyo hivyo. Watu wazima, mama zetu waliolea watoto katika nchi sita, wakaanza kulia na kukemea ngazi ya nyumba ya Mzungu. Mimi nikasogea pembeni nikatema mate, na sikutubu.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, maana kilikuja kwa upole. Walianza kuja Sydenham mmoja mmoja, wakakaa kwenye makochi ya dada yangu, wakanywa soda zake.

"Fundi," Félicité alisema, "unaweza niongezea bracelet? Na nyuma yangu uweke kiti ya patronne. Ionekane saluni ni yangu."

Méthode yeye alishika kofia mkononi. "Kaka Séverin, mimi nilikuwa naomba suti. Hata koti tu, hiyo lori uigeuze meza."

"Jiwe si simu ya Papy," Séverin akawajibu wote. "Hakuna delete. Nikiongeza, naongeza na nini? Na mate?"

Hawakumwelewa. Walidhani amekataa kwa roho mbaya. Na nilipokuwa nawasindikiza getini nilikuwa nasonya mpaka dada yangu akanipiga kibao mgongoni. Watu hawa wanaamka alfajiri, wanasimama juani, wanasuka mpaka vidole vinavimba, wanalisha vijiji vizima kwa mikono hiyo. Halafu mtu akiichonga mikono yao ikiwa nzuri, wanataka aifiche ndani ya mifuko ya suti. Inakera. Mimi makalio yangu yabaki palepale.

Steve peke yake hakuja kuomba kitu. Alikuja mkewe. "Umutoe," Deborah alimwambia Séverin akiwa amesimama, soda hakuigusa. "Wengine wafanye yao. Mimi bwana yangu atoke mu ile bloc."

"Mwenyewe amesema atoke?"

"Mi ndiye nasema."

Séverin akakata kauli: hatoi mtu. Basi Apôtre akaamua wataondolewa wote kwa grinda, mashine ya kusagia, na Deborah akaomba waanze na Steve. Shemasi Glody alipanda ngazi Jumamosi bila sisi kuambiwa. Tuliposikia na kufika, vumbi la manjano lilikuwa limejaa barabara na Steve hakuwa na uso. Kifua, mkono ulioinuliwa, gilet, vyote vimesagwa, pamebaki bonde bapa lenye mikwaruzo ya duara. Glody alipogeuka kwenda kwa mwezi wa kumi na moja, diski ya grinda ikapasuka, kipande kikamkata shavu. Hapo wakashuka wote wakikimbia. Wakasema bloc ina mapepo, isiguswe tena.

Wakaifunika. Wakaleta bango la plastiki lenye picha ya Apôtre Peguy na mkewe, suti nyeupe, meno meupe, na maandishi ya Kiingereza ya kutangaza mwaka wa kufurika kwa baraka. Likakazwa kwa waya juu ya miezi yote na juu ya jina la Séverin. Chini yake wakaweka wale simba. Upepo wa bandarini ukipiga, uso wa Apôtre unavimba na kunywea, unavimba na kunywea.

Séverin hakurudi kanisani. Nilidhani atavunjika, lakini aliniambia siku moja, ameshika kiuno juu ya sinki, "Plastiki ya hapa inakula miaka mbili, chumvi inaimaliza. Jina yangu bado iko pale chini. Itawangojea." Alisema hivyo mara nyingi, na mara nyingine alijisemea peke yake. Daktari alikuwa amemkataza kushika tindo. Alikuwa anakaa uani tu, mikono imelala magotini.

Kisha Steve akafa. Mteja mmoja aliyelewa aliingia kwenye gari lake, akarudi nyuma kwa kasi, na Steve alikuwa nyuma akimwongoza. Hakufika na uhai hospitali.

Deborah alikuja dukani kwangu kabla ya mazishi. Kitambaa kilikuwa kimepinda. Aliweka juu ya meza simu mbili, yake na ya watoto, na akaniomba nitafute picha za Steve zote, hata zilizofutwa. Nilitafuta. Zilikuwepo nyingi, za Krismasi, za ubatizo, za ufukweni. Akazitazama moja moja.

"Hakuna mwenye anacheka?" aliuliza.

Hakukuwa na hata moja. Katika kila picha Steve alikuwa amefunga mdomo, mnyenyekevu, kama alivyofundishwa. Deborah akazipangusa simu zile kwa kanga, akaondoka bila kuaga.

Ibada ya mazishi ilijaza ghala. Séverin alikuja kwa ajili ya Steve, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, anapumua kwa mdomo. Na mbele, kwenye skrini kubwa, nikaona kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka naacha kula. Walikuwa wamechukua kichwa cha Steve na kukipachika juu ya mwili wa mtu mwingine. Mwili mnene, suti ya bluu, tai, saa ya dhahabu. Rangi ya shingo na rangi ya mkono hazikulingana. Apôtre akashika kipaza sauti.

"Ndugu yetu Steve alikuwa entrepreneur," alisema. "Alikuwa mu secteur ya usalama ya magari ya watu wakubwa."

"Amina," watu wakaitika, na jeneza liko hapohapo, limefungwa, na ndani yake Steve hawezi kukanusha.

Deborah akasimama. Alisimama polepole, tukadhani anakwenda kuanguka, wanawake wawili wakamshika. Akawasukuma.

"Toeni ile kintu," alisema akionyesha skrini. Hakuna aliyesogea. "Nimesema mutoe! Ule si bwana yangu. Bwana yangu alikuwa car guard. Alichunga magari ya watu mu mvua na mu jua, watoto wakakula, wakasoma. Alikuwa na pengo, na alikuwa anacheka. Mi ndiye nilimukataza." Akageuka akatutafuta nyuma, akamwona Séverin. "Fundi. Mi ndiye nilisema wamutoe. Umurudishe."

Apôtre akataka kuanzisha wimbo. Hakuna aliyeupokea.

Tulikwenda Jumatatu asubuhi, mimi, Séverin na Deborah, na ngazi ya kukunja. Mimi ndiye niliyekata waya za bango, na nakiri nililikata kwa furaha; uso wa Apôtre ukaanguka juu ya simba na kujikunja. Félicité alikuwa amefungua saluni yake karibu pale, akaja na kuegemea ukuta. Séverin akapanda, kila kipago anapumzika. Akapitisha vidole katika lile bonde palipokuwa na Steve. Akagonga kwa kucha, akasikiliza.

"Nilifikiri nitaingia ndani zaidi," alisema. "Jiwe ukikosea, unaingia ndani, unamukuta muntu kule nyuma. Lakini wamekula nyama yote ya jiwe. Na iko ufa. Nikigonga hapa, linapasuka mpaka ku mwezi wa tisa."

"Basi haiwezekane?" Deborah aliuliza kutoka chini.

Séverin alikuwa ametazama pembeni, kwenye ule ubao mnene alioubakiza ukajitokeza kuliko sanamu zote. Jiwe zima, halina mkwaruzo. Nikaona anachokitazama.

"Usithubutu," nikamwambia. "Shemeji, nakuambia usithubutu! Hawa watu? Hawa waliokutemea mate? Mwache huyu mama aende na picha zake za kufunga mdomo! Jina lako ndilo hilo. Huna lingine!"

Deborah akainua macho akasoma. Nadhani alikuwa hajawahi kulisoma kabla. Akaziba mdomo kwa kiganja, vilevile kama Steve.

"Papy," Séverin alisema, "shika ngazi."

Akaweka tindo juu ya S, ile S aliyomwitia dada yangu kutoka jikoni. Akapiga. Nilishika ngazi huku nimeinamisha uso, na jina la shemeji yangu likanidondokea kichwani, vipande vidogo vidogo, vingine vikaingia ndani ya shati. Ilimchukua wiki kadhaa, kazi ambayo mwenye mapafu mazima angeimaliza kwa siku kadhaa, kwa sababu alikuwa akishuka kila mara kukohoa. Deborah alikuwa anamletea chai na kusimama pale mpaka aimalize.

Steve yuko pale leo, mwishoni mwa mwaka, amesogea kidogo kuliko zamani. Mkono juu, gilet, mdomo wazi, pengo lote nje. Watoto wake wakiingia wanamwangalia kwanza. Bango halikurudi tena. Hakuna aliyekuwa na uso wa kulirudisha. Félicité siku hizi anawaonyesha wateja wake ni yupi aliyebana sindano midomoni, na hazungumzi tena habari za bracelet. Simba na mbu wao bado wapo.

Juzi walikuja wageni wa kanisa kutoka Johannesburg, wenye mikufu na magari. Wakasimama chini ya mlango wakapiga picha, wakauliza nani alichonga. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao. Apôtre Peguy akatabasamu na yale meno.

"Ile? Ile imetoka Italia," alisema.

Nilifika nyumbani nimejaa hasira. Séverin alikuwa uani, juu ya sinki, amejifunga blanketi la dada yangu mabegani. Nikamweleza neno kwa neno, nikiwa tayari kurudi kule na nyundo nikavunje simba, mlango na mtu.

Séverin akageuza kichwa. "Amesema Italia?"

"Amesema Italia!"

"Sasa Benedetto ameniibia kazi," akasema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, akatema ule uji wa kijivu, mwingi kuliko siku zote. Kisha akaenda zake ndani taratibu, anashika ukuta, bila kufungua maji.

Nikabaki nimesimama pale. Baadaye nikafungua bomba, nikasafisha kwa mkono wangu mwenyewe.